NYUMBA YETU: Viko vya mzee havioshwi kwa sabuni

Mwezi huu nilitaka kuandika habari ya mboga za kiangazi, lakini jambo limetokea jirani na kwangu, nikaona mboga zingoje kwanza.

Mzee mmoja wa mtaa wetu alifariki. Alikuwa Mrundi. Alikimbia mara ya kwanza mwaka 1972 akiwa mtoto, akarudi kwao mwaka 2008, akakimbia tena mwaka 2015. Mali yake unaweza kuihesabu kwa vidole: redio, fimbo, koti, na viko 6. Vitatu vya udongo, viwili vya mti, na kimoja kichwa chake ni udongo na mrija ni mti. Warundi wanaita inkono y'itabi, yaani chungu cha tumbaku. Kimoja kati ya vile vya udongo kilikuwa cha mama yake mzazi. Kimevuka mpaka mara 3, ndani ya kitambaa, bila hata ufa.

Baada ya matanga mkaza mwana wake alitaka kusaidia. Ni msichana mwema, hana neno. Akachukua viko vyote, akaviloweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga usiku kucha. Asubuhi akaona vimelowa sana, na mvua inanyesha, basi akavipanga pembeni ya jiko la mkaa vikauke upesi. Haikupita nusu saa, tap! Kiko cha yule bibi kikapasuka vipande viwili.

Alikuja kwangu analia. "Mama, nimeharibu. Baba watoto hasemi na mimi, leo siku ya tatu."

Nikamwambia, mwanangu, kaa chini kwanza. Wala si wewe peke yako. Nani alikufundisha? Hata mimi niliwahi kuua sahani ya kioo ya mama yangu namna hiyo hiyo, kwa kuimwagia chai ya moto siku ya baridi. Kwa hiyo mwezi huu tujifunze pamoja. Wengi tuna kitu kimoja au viwili vya wazee, vimetengenezwa kwa mkono, na dukani havipo.

KWA NINI KILIPASUKA

Chungu na kiko cha kienyeji havichomwi kwenye tanuru la kiwanda. Vinachomwa kwa moto wa wazi, wa kuni na majani. Udongo wake unabaki na vitundu vidogo sana, macho hayavioni, na unakunywa maji kama vile mtungi unavyotoa jasho. Sabuni nayo inaingia humo humo na haitoki yote. Sasa ukikiweka karibu na moto, maji ya ndani yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na udongo unapasuka. Mti nao ukilowa unavimba, ukikauka haraka unachanika.

Kumbe kosa halikuwa kusafisha. Kosa ni maji mengi, sabuni, na haraka.

NAMNA YA KUSAFISHA

1. Kiko kiwe kimepoa kabisa. Kama mrija unachomoka, uchomoe polepole kwa kuuzungusha. Ukikataa, usilazimishe.

2. Majivu yatoe kwa kijiti laini. Usigonge kichwa cha kiko kwenye jiwe wala kwenye mguu wa kiti, hata kama mzee alikuwa anafanya hivyo. Yeye alikuwa anakijua.

3. Ndani ya mrija pitisha unyoya wa kuku uliokauka, au bua jembamba la jani. Pitisha mara nyingi, ukiufuta kila mara.

4. Nje tumia mswaki wa zamani ulio mkavu, halafu kitambaa cha pamba. Kama kuna tope lililoganda, kitambaa kiwe na unyevu kidogo tu, kisha kiko kikae kivulini siku 2 au 3. Kisikae juani wala jikoni.

5. Ule weusi wa kung'aa ulioko nje usiukwangue. Huo si uchafu. Ni alama ya mkono wa mwenyewe, miaka yote aliyokishika.

6. Usipake mawese wala mafuta ya mgao. Najua wengine wanapaka ili mti ung'ae. Unang'aa wiki moja, halafu mafuta yanachacha, yananata vumbi, na panya wanakuja kuonja.

WATOTO WASIGUSE

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ule utando mweusi unaonata ndani ya kiko una nikotini, na nikotini ni sumu. Mtoto anayetambaa kila kitu anapeleka mdomoni. Akinyonya mrija wa kiko au akila masalio ya tumbaku, anaweza kutoka mate mengi, kutapika, kutokwa jasho, kupauka, hata kupata degedege. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa ukidhani yanaua sumu. Mtoe kilichobaki mdomoni, mbebe, kimbia zahanati, na kiko chenyewe uende nacho wakione.

Wewe unayesafisha, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Nikotini inapita hata kwenye ngozi. Usisafishie kiko kwenye beseni la vyombo vya chakula, na yale majivu usiyamwage kuku wanapodonoa.

Wengine wananiuliza, je, kiko cha marehemu kinaweza kutuletea kifua kikuu? Hapana. Kifua kikuu kinaambukizwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa, si kwa chombo. Ila mate yana magonjwa mengine, kama vidonda vya mdomo, kwa hiyo kiko cha kuachiwa ni cha kutunza, si cha kupokezana. Na tumbaku yenyewe, wazee wangu mnisamehe, inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na moshi wake katika nyumba zetu ndogo anauvuta hata mtoto mchanga. Tunaweza kuheshimu kiko bila kukiwasha.

PA KUKIWEKA

Nyumba zetu tunazijua. Mchwa chini, matone juu, panya katikati. Fanya hivi:

- Tafuta kopo la mafuta lenye mfuniko, au sanduku la mbao. Kopo lioshwe, likauke kabisa, na kingo zake kali zikunjwe ndani.
- Kila kiko kifungwe peke yake kwa kipande cha kitenge cha zamani. Ndani ya kichwa weka kitambaa laini kidogo, usishindilie. Usitumie majani makavu, yanaleta wadudu.
- Usifunge kwenye mfuko wa plastiki kitu chenye unyevu. Kitaota ukungu.
- Sanduku lisikae chini. Liweke juu ya matofali, na liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, ili ukiona njia ya udongo ya mchwa uivunje mapema. Lisikae juu ya kabati pia, mtoto akivuta nguo linakuja lote.
- Kila mwezi, siku ya mgao, fungua uangalie. Siku hiyo hamtaisahau. Ukiona unga mpya wa mti chini ya kiko, ujue kuna mdudu ndani. Kitenge nacho mbali na vingine mara moja.

NA VYA KIOO JE?

Kanuni ni ile ile: usikishtue. Kioo kikipata joto kinatanuka. Upande mmoja ukitanuka na mwingine bado, kinapasuka. Ndiyo maana kioo cha chemli kinapasuka likidondoka tone la mvua juu yake taa ikiwaka. Kiache kipoe, kipake majivu laini yaliyochekechwa kwa kitambaa chenye unyevu, kisuuze, na kikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ipo aina ya kioo kinachovumilia moto zaidi. Mjerumani Otto Schott ndiye aliyeivumbua mwishoni mwa karne ya 19, na hutanuka kiasi cha theluthi moja tu ya kioo cha kawaida. Huko Ulaya na Marekani mafundi wanakiyeyusha kwa moto mkali na kutengeneza kwa mkono mpaka viko vya rangi rangi. Lakini hata hicho ukikiangusha kinavunjika.

Chupa au chombo chenye shingo nyembamba, tia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, na maganda ya yai yaliyopondwa, utikise. Mchanga usitumie, unakwaruza. Na spiriti isikaribie jiko la mkaa hata kidogo. Inashika moto kabla hujageuka.

UKIPANGIWA SAFARI

Wapo wanaorudi nyumbani, wapo wanaopelekwa nchi ya tatu. Siku ya lori kila mtu ana haraka, na ndipo vitu vinavunjika. Fungasha wiki moja kabla. Mrija kando, kichwa kando. Kisha tikisa sanduku karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, fungua, ongeza kitambaa. Hakikisha hakuna tumbaku wala udongo ndani, maana mipakani mimea na udongo vinaweza kuleta maswali. Sanduku hilo ulibebe mkononi, usilirushe pamoja na masufuria.

KARATASI

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Andika. Chukua ukurasa wa daftari, andika kitu hiki ni cha nani, nani alikitengeneza, wapi, kilipitia wapi. Weka karatasi ndani ya sanduku.

Hili nilijifunza kwa yule jirani. Siku ya nne nilikwenda nao, mke na mume, mpaka kwa mama mkwe. Nilidhani tutagombezwa. Bibi akavichukua vile vipande viwili akaviweka mapajani. Akasema mama wa marehemu alikinunua kwa mwanamke wa Kitwa, mfinyanzi, akalipa maharage, kapu moja dogo. Akatuonyesha chini ya kichwa alama ya ukucha wa yule mfinyanzi. Mwanawe alikuwa ameishi na kiko hicho miaka yote, na habari hiyo hakuwahi kuisikia. Alikaa kimya, halafu akamwambia mkewe, "Lete daftari."

Hawakukiunganisha. Niliwashauri wasitumie gundi ya haraka, maana ukikosea ni vigumu kuitoa. Vipande vyote, hata kile kidogo kama punje, vimefungwa katika kitambaa kimoja, na karatasi juu yake. Siku wakimpata fundi wa kweli, atavikuta vyote.

Basi, kazi ya mwezi huu ni hiyo. Kabla ya siku ya mgao, muulize mzee wa nyumba yako: kitu hiki kilitoka wapi? Uandike anavyosema, kwa lugha yoyote. Mzee haulizwi akiwa kaburini.

Tuonane mwezi ujao, na zile mboga nilizowaahidi.

Ni mimi dada yenu wa ukurasa wa Nyumba Yetu.