Mekatilili Katika Uwanja wa Kinango

Katika nchi yote ya Wamijikenda hakosekani mtu awezaye kusimulia kisa cha kuku na vifaranga. Mekatilili wa Menza, yasemwa, alifika mbele ya Bwana Champion, afisa wa Serikali ya Kiingereza, akiwa na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kumtwaa kifaranga mmoja. Bwana akanyosha mkono, kuku akamdonoa. Wengine huongeza kwamba yule kuku alipigwa risasi, na wengine kwamba Bwana alizabwa kofi. Kisa hiki hupendwa sana katika michezo ya kuigiza, kwa kuwa mtoto na mzee hucheka mahali pale pale. Lakini kikundi cha Kinango, au cha mahali po pote pa Waduruma, kitakachotaka kumwonyesha Mekatilili kwa mchezo wa nyimbo, hakina budi kujiuliza kitafanya nini kicheko kikiisha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Alikuwa mjane mtu mzima, asiye na cheo wala ofisi. Serikali iliwataka Wagiriama walipe kodi ya nyumba, na tena watoe vijana wakafanye kazi katika mashamba ya Wazungu pwani. Mwaka 1913 mama huyu alikwenda mji hata mji akicheza kifudu, na watu wakamfuata. Akiwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwakusanya watu Kaya Fungo, na huko viapo viwili vikaliwa: mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume. Walioapa walikatazwa kuitumikia Serikali.

Basi msomaji atazame jambo hili vizuri. Michezo mingi ya mambo ya kale hutiwa nyimbo ili watazamaji wasichoke. Wimbo huwa kitoweo tu. Katika habari za Mekatilili wimbo ndio wali wenyewe. Hakuwa na gazeti wala barua za kupeleka kwa watu. Alikuwa na ngoma, na ngoma ile ndiyo iliyomkusanyia watu. Mchezo wa maneno matupu, watu wakisimama na kuhutubiana, ungeacha nje ile nguvu iliyoitia Serikali hofu.

Hapo ndipo pana taabu. Kifudu si ngoma ya arusi. Ni ngoma ya msiba, yenye heshima na miiko yake, na wenyewe ni Wagiriama. Kuitoa uwanjani siku ya gulio ili ipigiwe makofi ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Waduruma wenyewe hawahitaji kufundishwa hayo. Kaya zao za Mtswakara na Gandini zimo katika misitu ya kaya za Mijikenda iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, nao wajua kwamba yako mambo ya kaya ambayo hubaki kaya. Yafaa kwanza wazee na akina mama wa Kigiriama waendewe na kuulizwa. Wakikataa, mchezo hautakufa. Kayamba, nzumari na sengenya ni vitu vya Kinango, navyo vyatosha kuonyesha watu wakikusanyika. Penye kifudu, akina mama waweza kukaa nyuma ya pazia, sauti ya ngoma isikike pasipo mchezaji kuonekana. Huenda watazamaji wakaiogopa zaidi hivyo.

Kuuliza kwenyewe kwaweza kuwa sehemu ya mchezo. Mfano uko Kamiriithu, karibu na Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa huko walijijengea uwanja wa michezo kwa mikono yao, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikikuyu ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu wote. Mzee aliyeona wimbo umeimbwa sivyo alisema, na wimbo ukatengenezwa. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Katikati ya Novemba ruhusa ikaondolewa, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 uwanja ukabomolewa. Haikuwa Serikali ya wakoloni iliyofanya hayo. Kikundi cha Kinango hakikabili hatari kama hiyo leo, ila desturi ile ya kufanya mazoezi hadharani, huku bibi kizee akimkatiza mchezaji, haigharimu hata senti moja.

Tena kuna Bwana Champion. Desturi ni kumvika kofia kubwa, kumpa kitambi cha mto, na kumfanya aseme Kiswahili kibovu mpaka watu waishiwe na pumzi. Acha wacheke kidogo. Lakini Arthur Champion huyo huyo aliandika kitabu juu ya mila za Wagiriama, The Agiryama of Kenya, kilichochapishwa mwaka 1967. Mtu aliyekaa na watu, akazichungua mila zao na kuziandika, na pamoja na hayo akawatoza kodi na kuwadai vijana wao, atisha kuliko mpumbavu mwenye kitambi. Mchezaji mwenye akili atauona uzuri wa sehemu hiyo.

Na kile kisa cha kuku? Si lazima kiachwe. Ebrahim Hussein, katika mchezo wake Kinjeketile uliochapishwa mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji, alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Hali kadhalika msimulizi aweza kutoka mbele na kusema kwamba hivi ndivyo wazee wasimuliavyo, kisha kuku akaingia. Hakuna atakayekipenda kisa kwa uchache zaidi kwa sababu hiyo.

Baada ya kuku ndipo yalipo mazito. Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka, wakarudi kwao, mwendo wa zaidi ya kilomita 600. Vikundi vingi vingependa kuishia hapo, mama akiingia mjini kwake na vigelegele vikilia. Lakini tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia katika vita vya Ulaya, Serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama wakapigana na askari wa K.A.R.; nyumba nyingi zikachomwa, mbuzi wakatwaliwa, na watu wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Wimbo wa mlipuko ule wataka kutungwa upya, nao haufai kuwa wa kishujaa. Pengine haufai hata kuwa na maneno.

Mara nyingi sehemu ya Mekatilili hupewa msichana mwenye sauti nzuri kuliko wenzake, akavikwa hando jipya, akasimama wima kama mkuki. Kinango hakuna upungufu wa wajane wajuao kuimba, waliokwisha kutembea kwa miguu kutafuta maji miaka ya ukame. Mmoja wao apewe sehemu hiyo, sauti yake ikiwa imekwaruza kidogo, naye aingie polepole kutoka upande wa barabara, vumbi miguuni, akitoka Kisii.