Kabla ya Kununua Subaru ya Turbo, Iendeshe Kwanza Kwenye Simu

Ukikaa Migori mjini Ijumaa jioni, huhitaji kugeuka ili ujue ni gari gani inapita. Ule mngurumo wa kukatika-katika unajitambulisha wenyewe. Subaru. Watoto wanaacha mpira, abiria wa boda wanageuza shingo, na sisi wa ofisini na digrii zetu tunasimama dirishani pia. Hatutajifanya.

Mapenzi haya yana historia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa kwa Impreza, na kabla yake Patrick Njiru wetu alikuwa ameshawazoesha Wakenya kuona Subaru ikipiga matope. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa, lakini wajomba walitusimulia. Leo Impreza WRX au Forester ya turbo ya miaka ya 2000 ndiyo gari ya spoti ambayo kijana wa huku anaweza kuota na kuifikia. Na kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza nchini gari iliyozidi miaka 8, hizo unazoona zinauzwa zilishaingia zamani. Zimepita mikono mitatu, minne.

Maoni yetu ni haya: bei ya kununua si shida. Huku kwetu pesa huja kwa kishindo. Mchimba dhahabu wa Macalder anaweza kukaa miezi bila kitu, kisha siku moja mawe yakatoa. Mkulima wa miwa Awendo hulipwa akishavuna. Mfanyabiashara wa omena Mbita ana msimu wake. Kwa hiyo kupata laki sita kwa mkupuo mmoja kunawezekana, tumeona. Lakini Subaru haili kwa mkupuo. Inakula kila siku, hata siku ambazo mgodi umekauka.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tusimulie yake, bila jina. Alinunua WRX kwa laki sita na nusu, akiba ya miaka minne pamoja na mgao wa chama. Alikuwa akilala Rongo na kufanya kazi Migori, kwa hiyo ilikuwa gari ya kila siku, si ya Jumapili. Baada ya miezi sita alikaa chini na taarifa ya matumizi ya simu yake, ile ambayo kila mteja anaweza kuitoa lakini wachache wanaisoma. Petroli, 168,300. Mafundi na spea, 94,500. Matairi, 52,000. Kuosha, maegesho na bima, 17,200. Jumla shilingi 332,000, yaani zaidi ya nusu ya bei ya gari yenyewe. Mshahara wake tunaujua kwa sababu ni kama wetu.

Anasema hiyo jumla haikumshtua sana. Kilichomshtua ni mstari mwingine. Kabla ya gari, kila tarehe 2 alikuwa akimtumia mama yake Kendu Bay shilingi 6,000, na dawa ya presha ilikuwa humo. Mwezi wa pili wa Subaru zikawa 3,000. Mwezi wa nne, 1,500. Mwezi wa tano hakuna kitu, na siku hiyo hiyo kuna petroli ya 4,000 aliyolipa kwa ovadrafti. Mama hakuuliza. Alidhani mtoto ana shida kazini.

Sasa hebu tupige hesabu ya petroli pekee. Kutoka Rongo hadi Migori na kurudi tuseme ni kilomita 60 hivi. Siku 22 za kazi zinakupa kilomita 1,320. Turbo ya zamani yenye injini ya lita 2, ukiendesha kwa adabu, inaweza kukupa kilomita 8 kwa lita. Hiyo ni lita 165. Weka bei ya shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, unapata 29,700 kwa mwezi. Gari ndogo ya injini ya lita 1.5 inayokwenda kilomita 13 kwa lita ingekula kama 18,300. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi na moja kila mwezi, kabla hujafungua boneti. Na bei haikai mahali pamoja. EPRA hutangaza mpya kila tarehe 14, na wote tunakumbuka Oktoba 2023 petroli ilipofika 217.36 Nairobi.

Halafu ufungue boneti. Turbo inategemea oili safi, na ya kutosha, kwa kila kitu. Ukichelewesha huduma ili mwezi upite, au oili ikipungua bila wewe kupima, injini huanza kugonga, na hapo fundi atakutajia bei ya injini nzima. Mkanda wa taimingi nao unabadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Akicheka na kusema uko sawa, jua haujui. Ukikatika barabarani, vali na pistoni zinagongana, na jioni hiyo unarudi Rongo kwa matatu.

Matairi ndiyo watu husahau. Gari hii inasukuma magurudumu yote manne, kwa hiyo yote yanatakiwa kuwa ya saizi moja na yaliyoisha sawasawa. Jiwe la barabara ya vumbi kule Nyatike likipasua moja ubavuni, huwezi kuchomeka lolote utakalopata sokoni. Ukifanya hivyo, gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma zinafanya kazi bila kupumzika mpaka zinaungua. Mara nyingi unajikuta unanunua mawili au manne.

Kuna gharama nyingine ambayo hakuna tangazo la gari linaitaja. Ukishakuwa na gari, Jumamosi si yako tena. Kuna matanga Ndhiwa, kuna mjomba wa kupeleka hospitali Homa Bay, kuna kiti cha mbele ambacho lazima akae mzee. Huwezi kukataa, na wala hatusemi ukatae. Lakini gari iliyoshushwa chini, imebeba watu watano na gunia la mchele, ikipanda matuta na kuingia njia ya kijijini, inaacha bampa huko. Wanaokuambia eti ukishindwa basi uza, waulize nani atanunua iliyoacha bampa Ndhiwa.

Kwa hiyo kama ni gari ya kila siku, sisi tunasema achana na turbo. Chukua Impreza ile ile ya lita 1.5 isiyo na turbo. Umbo utapata, magurudumu manne yanayosukuma unaweza kupata, mngurumo utaukosa. Na turbo iliyoongezewa nguvu na vijana wa mtaani usiiguse hata kwa bei ya kutupa. Tunajua tutatukanwa kwa hili. Pia tuwe wakweli: sisi hupata kitu kidogo kila unapolipa kwa simu, kwa hiyo wewe kutumia sana hakutuumizi. Ila mteja aliyekwama kwenye ovadrafti hatuendi naye mbali.

Kama roho bado inakataa, fanya jambo moja kabla ya kumpigia muuzaji. Endesha hiyo Subaru kwenye simu kwa miezi mitatu. Fungua akiba iliyofungwa, na kila wiki weka humo pesa ya petroli, oili na matairi kana kwamba gari iko nje. Huku nyuma endelea kulipa kodi ya nyumba, chama na nyumbani kama kawaida. Usipunguze ya mama. Ukimaliza miezi mitatu bila kuivunja, una mshahara wa kulisha turbo, na juu yake una pesa ya huduma kubwa ya kwanza, ambayo utaihitaji.

Ukifika hatua ya kununua, pitia eCitizen na ulipie rekodi ya gari, Paybill ni 222222. Itakuonyesha jina la mwenyewe, na kama kuna mkopeshaji ameandikwa humo. Usitume deposti kwa nambari yoyote ili "ikushikie gari". Kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Kama si lile la kwenye rekodi, simama hapo. Pesa kubwa ilipe kwenye akaunti ya benki yenye jina hilo, na kipande cha mwisho kitoke baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho wa umiliki na wewe kuukubali kwenye mfumo wa NTSA. Nenda na fundi wako, si wake.

Mwenzetu aliuza yake kwa 480,000 kwa jamaa wa Homa Bay aliyekuja na fundi na tochi. Siku hizi anapanda matatu na hulala njiani.

Sasa kuna dada mwingine hapa ofisini ameanza jaribio la miezi mitatu. Anataka Forester ya turbo, nyeusi. Ameweka 28,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ulipita vizuri, akaanza kututumia picha za rimu. Juzi shule zilifunguliwa, karo ya mdogo wake ikapelea, akavunja akiba. Amerudi mwezi wa kwanza.