KAMA NI KIKASORO TU, MBONA MKIA HAUMO KWENYE PICHA?

Mitandaoni kuna mastaa wa kila kitu, na huko Marekani wapo mpaka mastaa wa kuzalisha nyoka. Wana wafuasi wa kumwaga, makabati ya droo yamepangwa mpaka darini, na kila droo ina chatu wake. Majina kapuni, maana kinachowaumbua ni picha zao wenyewe.

Tangazo linakuwa hivi: chatu kapigwa picha kwa juu, rangi inang'aa kama dhahabu, kajikunja kistaarabu, mkia uko chini ya tumbo. Mteja anatuma dola zake, anasubiri mzigo. Boksi linafika, anafungua, ncha ya mkia imepinda kama ndoano. Akiuliza anajibiwa, "Aah, hicho kitu kidogo tu, wala hakimuumi nyoka."

Haya. Kama ni kitu kidogo, kwa nini kilifichwa?

Kwa wadau wasioujua huu mchezo, nyoka anayetamba kwenye biashara hii ni chatu mpira. Kwao ni Afrika Magharibi, kina Ghana, Togo na Benin. Jina kalipata kwa sababu akishtuka anajiviringisha duara na kuficha kichwa katikati. Hana sumu, ni mpole, na wengi hawazidi mita moja na nusu. Akitunzwa vizuri anaishi miaka 20 mpaka 30. Kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, jike mmoja alitaga mayai mwaka 2020, na umri wake ulikadiriwa kupita miaka 60! Kwa hiyo huyu siyo kama simu ya mtumba kwamba ikizingua unampasia mshkaji. Anayenunua leo kachukua mzigo wa nusu ya maisha yake.

Wanaoficha wana utetezi wao, na wa kwanza ni kwamba hakuna nyoka asiye na dosari. Kweli kabisa. Kovu la kung'atwa na panya, gamba moja lililokaa upande, hayo hayamzuii nyoka kula wala kulala. Lakini hoja hii inawageuka wenyewe. Kama kila nyoka ana lake, kusema kunagharimu nini? Mstari mmoja tu kwenye tangazo: "Ana kovu shingoni, mkia umepinda kidogo." Basi. Anayeona siyo ishu atanunua, anayeona ishu atapita. Kuamua ukubwa wa kasoro ni kazi ya anayetoa hela, siyo ya anayepokea.

Utetezi wa pili ni mtamu zaidi: "Mkia ulipinda kwa sababu ya joto la mashine ya kutotolea, siyo ya kurithi." Inawezekana. Mayai ya chatu hawa yanakaa kama siku 55 mpaka 60 kwenye joto la nyuzi 31 hivi, na joto likivurugika vifaranga wanaweza kutoka na mgongo au mkia uliopinda. Lakini kuna kupinda kwingine kunakotembea na damu. Ukoo wa rangi ya Caramel unajulikana kwa hilo miaka mingi. Sasa nani anajua ni ipi kati ya hizo mbili? Ni aliyekuwepo siku mayai yanapasuka. Yeye ndiye aliyeona kama ni mmoja kati ya sita au ni wanne kati ya sita. Mteja ana nyoka mmoja tu mkononi, hao ndugu zake hatawaona kamwe. Muuzaji akikausha, anakuwa kafunga faili pekee lililokuwepo.

Na hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa mdogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huku kwenye nyoka mficha kasoro anazalisha vizuri tu, kisha anauza na watoto. Mnunuzi wa kwanza anapandisha bila kujua, vifaranga wanakwenda kwa wa pili, wa pili anauza kwa wa tatu. Baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka uongo ulianzia droo gani.

Mfano upo wazi. Kuna rangi inaitwa Spider, ilivuma sana miaka ya 2000. Shida yake ni kwamba nyoka hawa kichwa kinatikisika, wengine wanakosa shabaha wakirukia chakula. Na mzazi mmoja tu anatosha kuwapa karibu nusu ya watoto. Kwa miaka watu waliambiwa "ndivyo walivyo, hawasumbuki." Utafiti wa skana uliochapishwa 2022 ukaonyesha sikio lao la ndani, panaposhikwa mizani ya mwili, limeumbika vibaya. Kabla ya hapo, mwaka 2018, chama cha International Herpetological Society cha Uingereza kilishawapiga marufuku kwenye maonyesho yake. "Kitu kidogo" cha jana kimeishia kufungiwa mlango.

Tuseme na ukweli mwingine: wapo wafugaji wanaosema. Wanapiga picha ya mkia ulivyo, wanashusha bei, wanaandika kabisa kwamba huyu ni wa kufuga tu, asizalishwe. Hawa ndio wanaoumizwa zaidi, kwa sababu bei yao ya ukweli inasimama sokoni pembeni ya bei kamili ya muongo. Kila anayemtetea staa wake kwa kuwa "nyoka mwenyewe mzima" anamkandamiza huyu aliyesema.

Kwa mteja dawa ni rahisi. Aombe video ya nyoka akinyooka kutoka kichwa mpaka ncha ya mkia. Akimshika, apitishe kidole taratibu kwenye mgongo, maana uvimbe mdogo wa uti hauonekani kwenye picha hata iwe kali vipi. Aulize vifaranga wangapi walitoka na wangapi walikuwa na shida. Muuzaji akianza kuleta hasira kwenye swali la namna hiyo, jibu limeshapatikana.

Wadau, uwanja ni wenu: kasoro ndogo isemwe au ikaushwe?