LENZI KILO TATU, SHUKRANI GRAMU SIFURI: STAA WETU NA DOGO WA CHEKERENI

Wadau, ile picha mmeiona. Yangeyange wanapaa juu ya majaruba, matone ya maji ya tope yanaruka, nyuma Kibo imesimama kama imeletwa hapo kwa winchi. Mmelaiki, mmeshea, wengine mmeiweka kwenye status. Picha ni kali, hilo sibishi. Ninachobisha ni yale maneno ya chini yake, kwamba staa wetu alibeba mzigo peke yake, akavumilia tope peke yake, akamsoma ndege peke yake mpaka akapata hiyo sekunde moja.

Jina silitaji, na msije inbox kuniuliza. Ni mtu mkubwa mjini, alianza na mapishi, akahamia kwenye mavazi, mwaka huu kawa mpiga picha wa ndege. Kubadilisha fani sio dhambi. Ila siku ile nilikuwa Chekereni, kwa sababu ile pawatila iliyokuwa ikivuruga tope ni ya mjomba wangu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kingo ya jaruba natafuna muwa. Kwa hiyo nasema nilichokiona.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari likasimama barabarani. Staa kashuka na buti mpya, kofia mpya, na lenzi ya milimita 600, zile nyeupe za kutisha ambazo mpya inauzwa zaidi ya dola 12,000. Mjomba angenunua pawatila nyingine na chenji ikabaki. Akapiga selfie nayo begani. Nikahesabu: hatua kumi na moja. Baada ya hapo lenzi ikahamia kwenye bega la dogo mmoja wa palepale kijijini, na haikurudi kwa mwenyewe mpaka wakati wa kubonyeza.

Kuna watu watasema, kilo tatu ni nini? Lenzi za siku hizi za saizi hiyo zina kilo 3 na kidogo, kweli, na ukikumbuka ile ya Canon ya mwaka 1999 iliyokuwa na kilo 5 na zaidi, hii ni nafuu. Lakini lenzi haitembei peke yake. Weka kamera yenyewe, weka stendi ya miguu mitatu, weka kile kichwa chake cha kuzungushia, weka begi, weka maji ya bosi. Unakaribia kilo 10. Dogo anabeba gunia zito kuliko hilo kila msimu wa mavuno, ila gunia unalitupia kichwani unaenda, likianguka unaliokota. Huu mzigo ukianguka unamdai maisha yake yote. Na unaubeba juu ya kingo nyembamba, kushoto maji, kulia maji, chini panateleza. Aisee, jaribuni.

Halafu kubeba kwenyewe kuna ujuzi. Staa aliishika kamera huku lenzi inaning'inia mbele, uzito wote umekaa kwenye ile pete ya kuunganishia. Dogo ndiye aliyesema taratibu, "Bosi, samahani, shika hapa kwenye mguu wa lenzi, ndio yenye uzito." Alijuaje? Kashabebea wageni wengine kabla. Alikuja pia na kifuko cha kitambaa kashona mwenyewe, kakijaza mchele, akakitandika kwenye tela ya pawatila, lenzi ikalala juu yake imetulia kuliko kwenye ile stendi iliyokuwa inazama topeni. Wapiga picha wa dunia nzima wanatumia vifuko vya hivyo. Dogo wa Chekereni hakusoma popote.

Sasa tuje kwenye ndege, maana hapa ndipo uongo unaponichoma.

Chekereni ni mashamba ya mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uko hapa tangu miaka ya 1980, na chuo cha kilimo cha KATC kiko hapahapa. Mtoto wa hapa kabla hajajua kusoma vizuri anapelekwa shambani kuamia ndege, kuwafukuza kwelea kwelea wasimalize mpunga ukishatoa masuke. Anashinda na debe na kombeo, kutwa nzima macho juu. Kwa hiyo anajua ndege yupi anatua kinyume na upepo, kundi likianza kukaa kimya linataka kufanya nini, nani anarudi kwenye mti uleule jioni. Huo ni usomi wa miaka kumi na zaidi, halafu mtu aliyefungua boksi la lenzi juzi anakuja kuandika "nimemsoma ndege."

Dogo ndiye aliyemwambia staa asihangaike kuwafuata yangeyange, awasubiri. Pawatila ikigeuza tope, wadudu na vyura wanatoka, yangeyange wanaifuata kama kuku wanavyofuata mwenye mtama. Ikifika mwisho wa jaruba na kugeuka, wanapaa wote kwa pamoja, halafu wanatua tena nyuma yake. Ndiye aliyechagua upande ili mlima uingie nyuma yao. Ndiye aliyesema mapema, kwa sababu ikifika saa nne joto linapanda kutoka ardhini, hewa inatetema, na wingu linameza Kibo. Hapo hata uje na milimita 800 utampata ndege aliyechorwa kwa kidole. Ndiye aliyesema "sasa!" Staa akabonyeza.

Narudia: mchango wa staa ni kidole.

Kuna lenzi ya Canon ya milimita 600 yenye gramu 930, chini ya kilo moja. Haiingizi mwanga kama ile kubwa, lakini asubuhi yenye jua kali kama ile ingetosha kabisa, na mtu angeibeba mwenyewe. Ila ile haipendezi begani kwenye selfie.

Kilichonifanya niandike ni cha baadaye. Pembeni ya mfereji kuna matete, na ndani yake wanana walikuwa wamejenga, wale wa manjano ambao Wazungu wamewaita kwa jina la Taveta, wanaopatikana Kenya na Tanzania tu. Staa akasema majani yanaziba, akamwambia dogo akate kidogo pale mbele ya kiota. Dogo akakataa. Akaeleza kwamba ukifungua pale, jua linawapiga makinda na kunguru anaona njia. Staa akacheka, akasema wewe si kazi yako kuwafukuza ndege? Dogo akajibu, "Nafukuza wanaokula mpunga, bosi. Hawa wako kwao."

Walikuwa wamepatana elfu ishirini. Akalipwa elfu kumi, kwa sababu eti hakumaliza kazi.

Najua komenti zinazokuja. "Kwani si alilipwa?" Alilipwa nusu ya hela ya kubeba. Kutafuta ndege, kuchagua mwanga, kutoa kifuko, kuokoa lenzi, hivyo vyote vilikuwa bure. "Mpiga picha ni anayebonyeza." Sawa, basi andika umebonyeza. Huko mlimani wapagazi wana kikomo cha kilo 20 na mizigo inapimwa getini, na hilo halikuja kwa huruma ya mabosi, watu walipiga kelele. Na hata huko, mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa alimwongoza Hans Meyer mwaka 1889, heshima ya maana alianza kuipata kwenye maadhimisho ya miaka 100. Dogo wetu hakuomba hata sanamu. Aliomba kutagiwa, kwa sababu anataka kuwa gaidi wa ndege na hana cha kuwaonyesha wageni kwamba anaijua kazi.

Staa akasema poa. Picha ikapanda bila tag. Binamu yangu akaandika jina la dogo kwenye komenti, saa moja baadaye ikafutwa. Akaandika tena, akablokiwa.

Jumapili nilimkuta dogo kwenye majaruba ya upande wa pili, mpunga umeshashika rangi, yuko na debe lake. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaiangalia muda mrefu, akaivuta kwa vidole, akasema yule yangeyange wa kushoto ubawa umekatika, ingebidi asubiri mgeuko unaofuata. Kisha akaniachia simu na kukimbia, kwelea walikuwa wameingia kona ya kule.