Kompyuta iliyofungiwa kabatini

Katika nyumba moja ya Pito, nje kidogo ya Sumbawanga mjini, kompyuta ilikaa siku nne kabatini, ufunguo mfukoni mwa baba. Jumatano jioni alirudi shambani akamkuta binti yake wa kidato cha tatu mbele ya picha za wasichana nusu uchi na matangazo ya kubeti. Binti aliapa kwamba hakuyatafuta. Baba hakusikia. "Bando la wiki limeisha kwa siku mbili. Haya ndiyo masomo?" Mama alipoingilia, akaambiwa ndiye anayemdekeza.

Jumapili baada ya misa alikuja baba mdogo, mwenye duka la stesheneri mjini. Alifungua orodha ya programu zilizomo, akazipanga kwa tarehe. Siku ileile binti alipopakua VLC ili aangalie video za fizikia alizopewa na mwalimu, ziliingia nyingine tatu: ya "kusafisha" kompyuta, ya kubadilisha ukurasa wa kutafutia, na ya kuleta matangazo.

VLC yenyewe haina kosa. Inatolewa bure na VideoLAN ya Ufaransa, wala haina matangazo. Tatizo ni kwamba binti hakuichukua videolan.org, bali kwenye tovuti ya kwanza iliyotokea. Wenye tovuti za aina hiyo hufunga programu ya bure pamoja na za watu wengine, nao hulipwa kwa kila kompyuta zinamoingia. Visanduku vya kukubali huwa tayari vimetiwa alama ya vema, hivyo anayebonyeza "Next" mfululizo amekubali yote. Wala si wahuni wa pembeni tu. Kwa miaka kadhaa Java ya Oracle ilipopakiwa ilikuja na upau wa Ask, na mwaka 2011 mtunzi wa programu ya Nmap aliilalamikia hadharani Download.com ya CNET kwa kuifungasha kazi yake namna hiyo.

"Kaka, hii ni lumbesa," baba mdogo alisema. Mkulima wa mahindi hahitaji kuelezwa zaidi. Gunia linajazwa, linaongezewa juu na kufungwa kamba, na anayeumia ni yule ambaye hakuulizwa.

Baba hakuwa na namna ya kujua, ni kweli. Lakini siku nne za kununiwa na mzazi ni nyingi kwa mtoto ambaye hakukosa.

Programu zile zilifutwa moja moja, ukurasa wa kutafutia ukarudishwa, na VLC ikapakuliwa upya kwao wenyewe. Baba mdogo alimwonyesha binti kuchagua "Custom" badala ya "Express", asome kila ukurasa na kutoa alama asizoziweka yeye. Mama aliuliza kama kuna aliyeziona nywila zao. Baba mdogo hakuwa na uhakika, wakazibadilisha zote.

Baba hakuomba radhi. Usiku alitoa chaja kabatini, akaiweka mezani karibu na madaftari ya binti, akauliza hiyo fizikia wamefikia wapi.