Taa Washa au Washa Taa? Istilahi na Sintaksia katika Kutafuta Hitilafu za Forth

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi na tekinolojia umekaa mno katika orodha za istilahi. Huulizwa neno fulani la Kiingereza liitweje, jibu hutolewa, orodha huchapishwa, na fundi huendelea kusema alivyozoea. Makala haya yanachukua mfano mmoja mdogo, yaani kuijenga programu ya Forth na kuiingiza katika ubao wa maikrokontrola, ili kuonyesha kwamba istilahi hupimwa vema zaidi pale kazi inapokwama.

Forth ilibuniwa na Mmarekani Charles H. Moore mwishoni mwa miaka ya 1960. Jina lilikusudiwa kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya “ya nne”, likapunguzwa herufi moja kwa kuwa kompyuta ya IBM 1130 haikuruhusu jina la faili kuzidi herufi tano. Kwa mwanaisimu, lugha hii inavutia kwa sababu programu yake ni kamusi kwa maana halisi. Kila amri ni neno. Maneno hutenganishwa kwa nafasi. Na mtumiaji huongeza neno jipya kwa kulifafanua kwa maneno yaliyokwishakuwamo. Hakuna kinachozuia neno hilo kuwa la Kiswahili.

Achukuliwe kijana wa Kaliua mwenye ubao wa Raspberry Pi Pico, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2021. Akiuchomeka kwenye kompyuta bila kubonyeza kitufe cha BOOTSEL, huenda ubao usijitokeze kama diski na faili ikakosa pa kuingia. Akibonyeza, na bado pasiwe na dalili yoyote, huenda waya wake ni wa kuchajia tu, usio na nyuzi za kupitishia data. Hitilafu hizo ni nyepesi. Ugumu huja anapotaka kumweleza mwenzake alichofanya. Mafundi simu husema “kuflashi”. Waliozoea santuri za kompyuta husema “kuchoma”. Neno la pili linapotosha, kwani lafaa kumbukumbu za zamani zilizoandikwa mara moja basi, ilhali kumbukumbu ya flashi hufutwa na kuandikwa upya maelfu ya mara.

Jibu liko karibu na Kaliua penyewe. Katika njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, mpagazi alitwikwa mzigo na kuutua. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo ukapakiwa na kupakuliwa behewani. Na Kaliua, ambapo reli ya Mpanda huchepuka, hakuna anayehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Kinachopakiwa ni kile kinachopokea mzigo. Kwa hiyo ubao hupakiwa programu, hata kama aliyekaa mbele ya kompyuta huona kitu kikitoka kwake. Ni ajabu kwamba jozi ya pakia na pakua hufundishwa mara nyingi kana kwamba ilizaliwa na intaneti.

Hata hivyo, msamiati si tatizo kubwa. Kijana huyo akiisha kulipa neno “taa” thamani ya 25, ambayo ndiyo namba ya pini ya taa ya Pico ya kwanza, na kufafanua neno “washa” linalopokea namba ya pini, ataandika kwa kawaida ya lugha yake: washa taa. Taa haitawaka. Forth husoma kutoka kushoto na kutekeleza papo hapo. “Washa” hutafuta namba juu ya rundo, na rundo ni tupu. Baadhi ya matoleo hutoa onyo. Mengine huokota thamani yoyote iliyopo na kunyamaza. Fundi ataanza kukagua waya, kumbe hitilafu ni ya sintaksia. Inampasa kuandika: taa washa.

Mpangilio huo si mgeni kabisa kwa Kiswahili. Msemaji husema “Taa iwashe” pale yambwa inapotangulizwa, na kiambishi i- hubeba kumbukumbu ya nomino iliyokwishatajwa. Katika Forth, kazi ya kiambishi hicho hufanywa na rundo. Mwalimu anayeanzia hapo ataeleweka upesi kuliko anayeanzia kwenye hisabati ya Kipolandi. Wala tafsiri ya istilahi peke yake, hata iwe sanifu kiasi gani, isingemwokoa kijana huyu.

Jambo la mwisho ni ujumbe wa kosa. Mtumiaji akiandika neno lisilofafanuliwa, matoleo mengi hujibu kwa Kiingereza kwamba halikuonekana. Tafsiri ya “kosa” au “amri batili” humlaumu mtumiaji bila kumweleza kitu. “Neno halimo” ingefaa zaidi, maana mara nyingi neno lilikuwamo jana: lilifafanuliwa katika kumbukumbu ya muda, umeme ukakatika, likapotea.