Doa Jeupe Katika Jino

Hapa Mohoro twalikumbuka jino siku liumapo. Sisi wenyewe tulikosa hivyo. Mtoto wetu alilia siku mbili, mchana na usiku. Tulipomfikisha kwa daktari, gego lilikwisha kutoboka, likang'olewa. Daktari akatuuliza, "Je, hamkuona weupe hapo kwanza?" Tuliuona, tukadhani ni chembe ya wali.

Kumbe weupe ule ndio mwanzo wa kuoza. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo huondoa madini katika ganda la jino, likabaki na vitundu vidogo mno. Nuru iingiapo humo hutawanyika. Angalieni kanzu: ikilowa huonyesha ngozi, ikikauka ni nyeupe. Kadhalika jino likiwa na mate, doa hujificha, likikaushwa, hujitokeza. Ndiyo maana daktari hulipuliza kwanza.

Wataalamu wameendelea mbele. Nuru ya buluu ikimulika jino, sehemu nzima hung'aa, na iliyopoteza madini huonekana yenye giza. Picha hupigwa, na upungufu ule hupimwa. Mwaka 1998 kampuni ya KaVo ya Ujerumani ilitoa chombo kiitwacho DIAGNOdent, chenye nuru nyekundu, kisomacho mng'ao kwa hesabu ya 0 hadi 99. Hapo mambo hugeuka: jino bovu ndilo ling'aalo zaidi, kwa ajili ya mabaki ya vijidudu.

Walakini hesabu si hukumu. Rangi ya chai na utando wa meno hukidanganya chombo. Tena wako ndugu zetu wa Arusha, ambako maji ya mahali pengi yana floridi nyingi. Meno yao huwa na madoa ambayo si ya kuoza.

Basi kuna faida gani kuliona doa mapema? Kubwa sana! Doa lisilotoboka laweza kusimama, hata kurudishiwa madini, kwa dawa ya meno yenye floridi na kwa kupunguza sukari. Tundu halijizibi.

Chombo hatuna nyumbani, ila jua tunalo. Mketisheni mtoto mlangoni asubuhi, mpanguseni meno ya mbele kwa kitambaa safi, mtazame kando ya ufizi. Mkiona mstari mweupe kama chokaa, mpelekeni kwa daktari kabla hajalia. Magego yagusanayo ubavu kwa ubavu hayaonekani hivyo. Hayo tumwachie daktari na taa yake.